Sifa za pip, Mpelelezi Asiye na Haraka

Wengine wasifu mbio. Mimi namsifu pip, mletaji wa vifurushi vya Python, ambaye kwa toleo la 20.3, Novemba 2020, aliacha pupa. Awali alichukua toleo la kwanza lililomfaa akalisakinisha, hata likizozana na jirani yake. Kazi iliisha upesi. Aibu ilifuata baadaye, mbele ya wateja.

Ofisi yetu ilipomsasisha mapema 2021, tulimkuta anapeleleza kama ukoo wa binti uliopokea posa: babu yake nani, huyo babu kaoa wapi, upande wa mjomba kuna ugonjwa gani. Umemwomba kifurushi kimoja, yeye anataka kujua kinategemea nini, na hicho nacho kinategemea nini. Wakati huo majibu yalikuwa ndani ya kifurushi chenyewe (hazina ya PyPI ilianza kuyatoa kando 2023), basi akawa anakipakua chote, anasoma, hakimridhishi, anarudi toleo moja nyuma, anapakua tena. Tulikuwa na maktaba inayotoa toleo jipya karibu kila siku ya kazi. pip alishuka nayo siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, bila kumdharau mhenga hata mmoja. Kisha kwa adabu akaandika kwamba kazi hii huenda ikachukua muda. Huenda!

Ana fadhila nyingine: hupasha kompyuta joto, hukuza biashara ya bando, na chai hainyweki kwa haraka.

Nilimwamuru aeleze kila hatua, nikasoma maelezo yake mstari kwa mstari. Hana kosa. Faili letu la mahitaji lilikuwa majina matupu, halina namba ya toleo hata moja. Kikomo kimoja tu kingemkatiza safari. Nilikiandika, nikaambiwa badiliko lolote lazima lipite kwenye kamati. Kamati gani? Ile ile iliyomsasisha pip bila kusoma tangazo lake! Na kamati haikukaa mwezi ule, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa kwenye warsha ya, naapa, kuharakisha kazi.

Ilipokaa, hakuna aliyeuliza faili lile liliandikwaje. Muhtasari una mstari mmoja: turudi toleo la zamani, lile lisilouliza maswali.