Wiki ya Mvua kwenye Banda la Mizani

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Nimefika banda la kupimia majani ya chai, juu kidogo ya Katumba, saa 3 asubuhi, suruali imelowa mpaka magotini. Programu niliyoiandika ina kazi moja: karani apime, aingize kilo, mkulima aone zimeandikwa kwa jina lake.

Mkulima wa nne alishusha tenga la kilo 23. Karani akabonyeza "Tuma". Mtandao ukakatika, skrini ikabaki vilevile. Akabonyeza tena. Kidole kilikuwa na maji, akakifuta kwenye kitenge, akabonyeza mara ya tatu. Mtandao uliporudi seva ikapokea zote tatu. Mkulima akawa na kilo 69.

"Mwanangu, huyu mzee habebi kilo 69," karani akaniambia. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama pale pale. Akaomba zifutwe haraka, asije akaitwa mwizi. Neno hilo limenikaa rohoni siku nzima.

Usiku nimebadilisha msimbo. Kila kipimo sasa kinapewa namba yake ya utambulisho ndani ya simu, pale kilo zinapoingizwa, kabla mtandao haujaguswa. Seva ikikutana na namba iliyokwisha kuipokea, inajibu "imepokelewa" na haiandiki upya. Lazima ijibu hivyo. Ikirudisha kosa, simu itadhani haijafika na itaendelea kutuma. Karani abonyeze hata mara kumi, kilo ni 23.

Jumanne, 15 Aprili

Karani alimpokea mtoto wake aliyemletea uji, simu ikalala upande mkononi. Skrini ikageuka, na kipimo alichokuwa hajamaliza kukiandika kikapotea. Mkulima alikwisha kumwaga majani kwenye gunia la wote, kwa hiyo hakuna cha kupima tena. Wamekubaliana kilo 17 kwa kukumbuka.

Kosa ni langu. Android, simu inapogeuzwa, huuvunja ukurasa na kuujenga upya, na mimi kilo nilikuwa nimeziweka kwenye kumbukumbu ya ukurasa peke yake. Jirani yangu, fundi simu pale Tukuyu mjini, alinishauri nizuie skrini isigeuke. Haitoshi. Simu ya bei nafuu ikipigiwa huku kumbukumbu yake imejaa, mfumo huua programu iliyoko nyuma, na kilo zitapotea vilevile. Sasa kila tarakimu inayoandikwa inaingia papo hapo kwenye SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya simu yenyewe. Nimejaribu kwa kuizima simu ghafla katikati ya kuandika. Nilipoiwasha, 1 na 7 zilikuwepo.

Jumatano, 16 Aprili

Ripoti ya jana inaonyesha majani yamepokelewa saa 8 usiku. Dereva wa lori aliiona kabla yangu, akauliza nani huchuma chai gizani.

Karani aliandika saa 2, kama sote tunavyosema, na programu ikasoma 02:00. Saa 2 asubuhi kwa kompyuta ni 08:00, na kwenye seva, inayotunza muda wa UTC, ni 05:00. Nimeondoa kabisa sehemu ya kuandika saa. Simu yenyewe inaweka muda, na skrini inautoa kwa Kiswahili: saa 2 asubuhi. Muda ni jambo zito hapa, maana jani bichi likikaa sana kwenye gunia linapata moto na kuharibika, na mkulima lazima aweze kuonyesha alileta lini.

Alhamisi, 17 Aprili

Kutafuta majina. Karani aliandika M, W, A, orodha ikamletea karibu kijiji kizima. Huku Rungwe ni Mwakyusa, Mwaipopo, Mwakalinga, na kuendelea. Utafutaji wangu ulikuwa unasoma mwanzo wa jina tu, kana kwamba sikuzaliwa hapa. Sasa unasoma popote ndani ya jina. Akiandika "popo" anampata anayemtaka. Wawili wakiwa na majina yanayofanana, namba ya mkulima inaonekana kwa maandishi makubwa juu ya jina.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimetoka ibadani, nikakaa kujaribu hesabu. Kilo 1.1 na kilo 2.2 zimetoa 3.3000000000000003. Kompyuta hutunza desimali kwa namba za mbili, na 1.1 haiingii sawasawa humo, kama theluthi isivyokwisha ukiiandika kwa desimali. Kwenye jumla ya siku nzima tofauti ni ndogo mno kuijua kwa mizani, lakini mkulima akiiona kwenye karatasi ana haki ya kuuliza. Nimehamishia kila kitu kwenye gramu, namba kamili: kilo 23.4 ni 23400. Nukta inawekwa wakati wa kuonyesha tu. Fedha nazo nitazitunza hivyo hivyo, kwa senti.

Jumamosi, 19 Aprili

Asubuhi vipimo 41 vilikuwa havijatumwa. Simu ililala mezani kwa karani usiku kucha, haijachomekwa chaji, na Android, tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, huzuia kazi za nyuma simu inapotulia namna hiyo. Kipima muda nilichokiandika mwenyewe kililala nayo. Nimekitoa, kazi ya kutuma nimeikabidhi kwa WorkManager, maktaba ya Android inayosubiri mtandao na kurudia yenyewe.

Lakini karani alitaka kitu kingine: "Mwanangu, mimi nitajuaje kwamba zimefika?" Swali hilo lilistahili kujibiwa tangu siku ya kwanza. Nimeweka namba kubwa juu ya skrini: vipimo ambavyo bado viko ndani ya simu.

Mchana tulipanda naye mpaka kwenye mparachichi ulio juu ya banda, ndipo mtandao unapokamata. Namba ikashuka: 41, 30, 12, 0. "Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akaiweka simu kifuani chini ya kanga, tukateremka. Mzee wa Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kilo 19. Karani alibonyeza mara mbili, na zikabaki 19.