Muulize Daktari Spana: Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

*Shikamoo Daktari Spana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Butiama. Nina Corolla ya namba A. Kila asubuhi naongeza maji kwenye rejeta, jioni yamepungua, na chini sioni hata tone. Juzi limechemsha karibu na Makutano nikielekea Musoma. Nifanyeje? Mwalimu Mwenye Ndoo, Butiama.*

Marahaba, mwalimu. Umefanya la maana kuniandikia mimi badala ya kumsikiliza jirani yako ambaye, nina hakika, ameshakuambia ununue rejeta mpya. Kila mtaa una jirani wa namna hiyo. Gari hana, ushauri anao.

Kabla sijaligusa gari lako, wasomaji wapya wana haki ya kujua wanaongea na nani. Butiama imelipa taifa hili watu wawili. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge mwaka 1934, akapita Tabora, Makerere na Edinburgh, akaongoza nchi, na leo amepumzika Mwitongo. Wa pili ni mimi. Yeye aliingia kwenye siasa, mimi nikaingia chini ya magari, na sitaki kusema nani alikuwa na kazi ngumu zaidi. Nakumbusha tu kwamba mkoloni alifukuzwa mara moja akaenda zake, lakini gari lililochemsha leo litachemsha na kesho. Mwisenge nami nimepita mara nyingi, nikisukuma magari ya watu.

Turudi kwa mgonjwa. Maji ya rejeta hayana miujiza. Yakipungua, yamekwenda mahali patatu tu: nje ya gari, ndani ya gari, au ndani ya injini. Fundi atakayekutajia mahali pa nne anataka fedha.

Unasema chini huoni tone. Mwalimu, unaegesha wapi? Kama ni kwenye udongo mkavu, gari linaweza kumwaga lita nzima usiku na ardhi ikainywa bila kukuaga. Kisha kuna matundu yenye aibu: yanavuja injini ikiwa ya moto na yenye presha tu, na tone likiangukia bomba la eksozi linakuwa mvuke kabla halijafika chini. Ndiyo maana nimebuni Kipimo cha Katoni, ambacho baadhi ya watu wenye wivu wanadai kilikuwepo kabla sijazaliwa. Unatandika katoni chini ya injini jioni, asubuhi unaisoma. Mimi hutumia katoni ya biskuti, maana ya sabuni ina harufu inayonivuruga pua, na pua yangu ndiyo mtaji. Wapiga ramli wa kijijini kwetu waliacha kunisalimia tangu nianze huduma hii.

Doa jeusi ni oili ya injini. Jekundu lenye utelezi ni la giaboksi ya otomatiki au la pawa steringi. La kijani au la waridi ni kulanti, ingawa wenye Toyota mjue kuna kulanti nyekundu pia, ndiyo maana utelezi unapimwa kwa kidole na si kwa macho. Kwa kidole, nimesema. Usionje! Kulanti nyingi zina glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu. Huua mbwa na mbuzi, na mtoto akiinywa ni mbio za hospitali. Maji meupe yasiyo na utelezi ni ya kiyoyozi. Kama Corolla ya namba A ina kiyoyozi ambacho bado kinafanya kazi, niandikie barua nyingine haraka, hiyo ni habari kubwa kuliko hii.

Ila wewe doa lako halitakuwa na rangi, kwa sababu umekuwa ukimimina maji ya bomba. Hapa nimevua kofia nikaishika mkononi kwa masikitiko. Watu hudhani kulanti ni ya Wazungu wenye theluji. Kazi yake kwetu ni kuzuia kutu ndani ya injini na kuchelewesha mchemko, na mchemko Mara una haraka. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, Butiama mko juu zaidi, na kwa mwinuko huo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati ndugu zetu wa Tanga wanasubiri 100. Ndiyo maana nasema fundi wa Musoma akifanikiwa, fundi wa Pwani anyamaze.

Anayetuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kitazame, kimeandikwa 0.9 au 1.1. Watu wengi wanadhani ni bei ya zamani. Hiyo ni presha kinayoibana ndani kabla hakijaachia, na presha hiyo ndiyo inayoyafanya maji yavuke nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji yanachemka mapema na kutoroka kupitia kopo la akiba, barabarani, huku wewe unalaumu rejeta. Ni kati ya vifaa vya bei ndogo kabisa katika mfumo mzima, na mafundi wengi hawakitaji, kwa sababu hakuna aliyejenga nyumba kwa faida ya vifuniko. Ila usikifungue injini ikiwa ya moto. Mvuke wake hauheshimu ualimu. Kanuni yangu, ambayo nitaichapisha katika kitabu changu cha juzuu tatu mara nitakapopata mchapishaji mwenye upeo, ni hii: kaa chini ya mwembe, agiza muhogo wa kuchoma, ule taratibu, umsimulie muuzaji habari zangu. Ukiweza kuubinya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu bila kuruka, fungua.

Sasa twende ndani ya gari. Corolla yako ilizaliwa Japani, kwenye baridi, kwa hiyo nyuma ya dashibodi kuna kirejeta kidogo cha kupasha joto abiria. Hicho nacho hutoboka. Kipimo chake ni Kipimo cha Shemeji. Mwalike shemeji yako, mvue viatu, mketishe kiti cha mbele, mwende mpaka Bweri na kurudi. Nyayo zake zikilowa na vioo vikaingia ukungu wenye harufu tamu, tundu ni la humo. Zikiwa kavu, umepata nafasi ya kumuuliza lini atarudisha fedha zako. Wasio na shemeji wapapase zulia.

Baadaye ufungue boneti mchana, injini ikiwa baridi. Tazama kila mahali mpira unapokutana na chuma. Maji yanayovuja yakikauka yanaacha ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti, na ukoko huo hausemi uongo. Watu wengi hapo hukuta klipu iliyolegea tu, wakaikaza kwa bisibisi, wakaenda zao. Binya mipira: iliyovimba, iliyopasuka, au iliyokuwa laini kupita kiasi, badilisha. Chungulia chini ya wota pampu, kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na kiwanda. Kikitoa maji, sili ya ndani imekufa, na dawa yake ni pampu nyingine. Nimeshamkuta mtu amekiziba kwa gundi ya chuma. Sikumgombeza. Nilimpiga picha.

Yote hayo yasipoonyesha kitu, tafuta gereji yenye kipampu cha mkono cha kupimia presha. Kinafungwa mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi, kinajazwa upepo mpaka namba ile ya kwenye kifuniko, halafu mnasubiri. Sindano ikishuka, kuna tundu, na bila moto wala mvuke utaliona linakolia. Mimi binafsi sikihitaji. Nainamisha sikio kwenye boneti na tundu linajitaja lenyewe. Lakini si kila mtu amejaliwa.

Kuhusu mayai. Najua utashauriwa mayai, au bizari, au pilipili manga, vitiwe kwenye rejeta vizibe tundu. Vinaziba, sikatai, ukiwa umekwama porini kati ya Bunda na lango la Ndabaka na nyati wanakutazama, tia yai ufike mjini. Tatizo ni kwamba yai halijui tundu lipi ni la kuziba na mrija upi ni wa kupitisha maji. Mteja wangu mmoja alitia mayai akaendelea kutembea miezi. Nilipoifungua rejeta yake nilikuta kifungua kinywa cha familia. Na yeyote atakayekushauri kung'oa thamosteti ili "gari lipoe", mwombee dua umpite. Thamosteti ya magari mengi ya aina yako hufunguka kwenye nyuzi 82. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta na kulika mapema, na lile tundu bado lipo.

Ukishaziba, jaza kulanti nusu na maji safi nusu, hita ikiwa imewekwa kwenye moto, kifuniko kikiwa wazi, injini inaunguruma polepole, mpaka mapovu yaishe. Upepo uliobaki ndani unachemsha hata gari zima. Mhariri ananionyesha saa. Mura huyu hajui kwamba watu hununua gazeti kwa ajili yangu.

*Daktari, fundi amenifungia rejeta mpya na bado linachemsha. Moshi ni mweupe. Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Dereva wa Hiace, Bunda.*

Ndugu yangu, nilikuwa na mengi ya kukuambia, pamoja na kisa cha basi la Sirari ambacho kingekutoa machozi, lakini mwalimu wa Butiama amekula nafasi yote. Maji yako yamekwenda mahali pa tatu. Gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda au kupasuka. Oili iliyochanganyika na maji hailainishi kitu, na kila kilomita unayoongeza inatafuna beringi za krenkshafti. Rejeta mpya haikuwa na kosa wala msaada. Hedi ifunguliwe, ipimwe kwa rula ya chuma, ipigwe skimu ikiwa imepinda, gasketi mpya ifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, oili yote imwagwe. Mpaka hapo usiliwashe. Livutwe.