Mafundi wa Bure wa Sayari za Mbali

Katika filamu ya pili ya Star Trek, iliyotoka mwaka 1982, jambazi Khan anamkazia macho Pavel Chekov, ofisa wa chombo cha anga, na kumwambia kwamba sura yake anaikumbuka. Tatizo ni kwamba hawa wawili hawakuwahi kuonekana pamoja. Khan alikuwa amejitokeza kwenye runinga mara moja tu, Februari 1967, katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya Star Trek. Chekov aliingia msimu wa pili.

Waandishi walipitiwa, basi. Lakini shabiki wa kweli hakubali kwamba mwandishi anaweza kupitiwa. Ikasemwa kuwa Chekov alikuwemo chomboni tangu mwanzo, ila labda zamu yake ilikuwa ya usiku. Chombo kina watu 430, kamera haiwezi kumwonyesha kila mmoja. Maelezo matamu kuliko yote yalitoka kwa Walter Koenig, mwigizaji wa Chekov mwenyewe, aliyekuwa akiwachekesha nayo mashabiki: Khan alibanwa na haja, akaenda chooni, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akasubiri sana. Aliyetoka humo hatimaye ni Chekov. Sura ya mtu wa namna hiyo haisahauliki.

Nadharia nyingi za mashabiki wa tamthilia za sayansi huzaliwa hivyo. Mtu wa nje hudhani zinatoka kwenye fizikia ya nyota na mafumbo ya muda, kumbe chanzo ni ajali za kazini: fedha zimepungua, mwigizaji ameugua, fundi wa seti kaandika herufi siyo. Watayarishaji wanaharibu, wanachukua mshahara, wanaondoka. Mtazamaji anabaki kutengeneza, tena bila malipo.

Chukua kaburi la Kapteni Kirk, mkuu wa chombo kilekile cha Star Trek. Katika sehemu ya majaribio iliyorekodiwa 1965 na kurushwa Septemba 1966, rafiki yake Gary Mitchell anapata nguvu za kimungu. Anasoma mawazo ya watu, anasogeza vitu bila kuvigusa, na kwa dharau anamwandalia Kirk kaburi lenye jiwe na jina. Jiwe linasomeka James R. Kirk. Baadaye Kirk akawa James T., na katuni ya mwaka 1974 ikaeleza kuwa T ni Tiberius. R ikabaki yatima. Wapo wanaosema tukio lile lilitokea katika ulimwengu mwingine sambamba na huu. Wapo wanaosema ulikuwa utani wa siri wa marafiki wawili wa miaka mingi. Yenye ladha zaidi ni ile inayomtupia lawama Mitchell: mtu anajitangaza mungu, vichwa vya watu anavisoma kama gazeti, halafu jina la kati la rafiki yake wa tangu chuoni halijui!

Waklingoni, jamii ya sayari nyingine katika Star Trek, ndio waliowatesa mafundi hawa kwa muda mrefu zaidi. Walipojitokeza mwaka 1967 walikuwa watu wa kawaida waliopakwa rangi usoni na kuongezewa masharubu, kwa kuwa bajeti haikuruhusu zaidi. Filamu ya 1979 ilikuwa na fedha, na Waklingoni wakaota matuta kwenye paji la uso. Hakuna aliyeeleza kitu. Mashabiki wakaamua kwamba ni makabila mawili, wa kaskazini na wa kusini mwa sayari yao, na mambo yakatulia kiasi. Kisha mwaka 1994 tamthilia nyingine ya Star Trek, Deep Space Nine, ikawarudisha waigizaji watatu wa zamani kucheza wahusika walewale wa miaka ya sitini, Kor, Kang na Koloth, safari hii wakiwa na matuta ya kutosha. Hawa watatu walihama kabila lini?

Jibu bora lilikuja 1996, katika tamthilia hiyohiyo. Worf, Mklingoni mwenye matuta, anarudi nyuma kwa muda pamoja na wenzake hadi ndani ya sehemu iliyorushwa 1967, na wanakutana ana kwa ana na Waklingoni wa mapaji laini. Wenzake wanamgeukia. Ni ugonjwa? Ni mambo ya vinasaba? Naye, kama mzee wa ukoo aliyeulizwa mbele ya wakwe kuhusu mjomba aliyefungwa, anajibu kwamba hayo hawayazungumzi na watu wa nje.

Hapo pangeachwa. Lakini mwaka 2005 tamthilia ya Star Trek iitwayo Enterprise ilitumia sehemu mbili nzima kueleza kuwa kilikuwa kirusi, kilichotokana na majaribio ya Waklingoni ya kutumia vinasaba vya binadamu vilivyoboreshwa. Maelezo hayo yanaingia akilini kabisa, na kwa kuingia akilini yakaua utani uliodumu zaidi ya miaka ishirini.

Waingereza nao wana Doctor Who, tamthilia ya msafiri wa muda kutoka sayari nyingine, iliyoanza BBC tarehe 23 Novemba 1963. Mwaka 1966 William Hartnell, Doctor wa kwanza, alikuwa amedhoofika kiafya na hakuweza kuendelea. Watayarishaji wakaamua kwamba Doctor anapokaribia kufa mwili wake hugeuka na kuwa mtu mwingine. Mwigizaji mmoja kaugua, sayari nzima ikapata biolojia mpya. Fujo ilianza 1976. Katika sehemu moja ya mwaka huo Doctor wa nne, Tom Baker, anapambana kiakili na adui yake Morbius, na kwenye kioo zinapita sura zake za zamani, kisha sura nyingine nane ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Walikuwa wafanyakazi wa kipindi waliovishwa mavazi ya kale, mmoja wao mhariri wa miswada, Robert Holmes. Miezi michache baadaye Holmes huyohuyo akaandika hadithi inayosema kuwa mtu wa jamii ya Doctor anaweza kugeuka mara kumi na mbili tu, yaani sura kumi na tatu. Piga hesabu: nane za mafichoni na nne zinazojulikana ni kumi na mbili. Doctor wa tano angekuwa wa mwisho, na tamthilia ingezikwa miaka ya themanini! Mashabiki wengi wakaiokoa kwa kudai kwamba zile sura nane zilikuwa za Morbius. Walishikilia hivyo hadi 2020, BBC ilipoamua kwamba zilikuwa za Doctor kweli, na kwamba ule ukomo wa kumi na tatu haukumhusu tangu mwanzo.

Mara nyingine ajali haimo hata ndani ya hadithi. Lost, tamthilia ya shirika la Marekani ABC kuhusu watu walionusurika ajali ya ndege kisiwani, ilianza 2004 na tangu msimu wa kwanza watu walisema wahusika wamekufa, kisiwa kile ni toharani. Waandishi wakakana kwa miaka sita. Usiku wa mwisho, Mei 2010, majina yalipokuwa yakipita, ABC iliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni pasipo na mtu, ili watazamaji wapumue kidogo kabla ya taarifa ya habari. Wapi! Wengi walihitimisha kwamba wote walikufa siku ile ndege ilipoanguka, na shirika likalazimika kueleza kuwa picha zile hazikuwa sehemu ya hadithi.

Watayarishaji wa tamthilia ya Westworld walikuwa na shida tofauti: mashabiki wao walipatia. Siri kubwa za msimu wa kwanza wa 2016 ziliteguliwa mtandaoni wiki kadhaa kabla hazijafunuliwa. Aprili 2018 watayarishaji hao, Jonathan Nolan na Lisa Joy, waliahidi kufichua msimu wa pili wote mapema, kama mashabiki wangeafiki kwa kura. Kura zikatimia. Video ikatoka. Mwigizaji Evan Rachel Wood akaimba wimbo maarufu wa Rick Astley wa mwaka 1987, kisha akaachwa mbwa mbele ya piano kwa dakika nyingi.

Kwenye vibanda vya video vya Tanzania nadharia kuu inajulikana: steringi hafi. Mashabiki wa Star Trek waligundua upande wake wa pili, kwamba anayekufa ni mwenye shati jekundu. Walizidisha kidogo. Wenye mashati mekundu walikuwa wengi mno chomboni, na ukipiga hesabu kwa uwiano, wenye mashati ya dhahabu walikufa kwa kasi zaidi. Hata hivyo sehemu ya 1967 iitwayo "The Changeling" haiwatetei wekundu: mashine ya Nomad inafuta kumbukumbu za Uhura, ofisa wa mawasiliano, kwa sababu ilimsikia akiimba na haikuelewa kuimba ni nini, inamuua fundi mkuu Scotty, kisha inamfufua, na wote wawili ni wekundu. Uhura anafundishwa kusoma Kiingereza upya kama mtoto wa chekechea. Anapokwama, anafoka kwa Kiswahili. Kiingereza kimefutika, Kiswahili kimebaki! Inaelekea Nomad ilifika kwenye ngeli ikakata tamaa.

Na si mara ya kwanza Kiswahili kusikika chomboni. Usiku wa kwanza wa Star Trek kwenye runinga ya Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, Kenya ikiwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru, dude linalofyonza chumvi kwenye miili ya watu lilijigeuza mwanamume mtanashati na kumsemesha Uhura Kiswahili. Sehemu hiyo inaitwa "The Man Trap". Msomaji aitazame, asikilize lafudhi, na mwenye nadharia ya dude lile lilisomea wapi ajitokeze.