Mkanda wa Chuma na Mawe ya Bibi Magugu

Ndugu yangu uliyeoa, au uliyeolewa, au unayeishi na watu wenye maoni juu ya paa, sogea nikusimulie. Huku kwetu Maisaka, Babati mjini, upepo wa kiangazi haupigi hodi. Mchana ukishapamba moto, unaokota vumbi la barabarani, unapekua kamba ya nguo, halafu unaingia chini ya mabati ya jiko la nje na kuanza kuyagongagonga. Mke wangu, tunayemwita Mkuu wa Kaya, akisikia mlio ule hunigeukia tu. Hasemi neno. Anajua nimesikia.

Mwaka huu bati la pembeni liling'oka likatua kwenye mbaazi za jirani. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, ila jogoo wa Bibi Magugu alikimbia akaonekana jioni, na kikao cha familia kikaitishwa hapohapo.

Bibi Magugu ni mama mkwe wangu. Jina hilo alipewa na wanangu mapacha, Kulwa na Doto, kwa vile alitoka Magugu kuja kututembelea wakati wa mavuno, na mavuno yale yalishaliwa siku nyingi. Simruhusu aondoke. Nani mwingine atawanyamazisha wale wawili kwa kukohoa tu? Ila kwenye suala la upepo, mama ana dawa moja: mawe. "Baba Kulwa," aliniambia, "panga mawe juu ya bati, na lile tairi bovu uweke katikati. Nyumba ya marehemu ilikaa hivyo miaka yote." Ukishatajiwa marehemu baba mkwe, unajibu nini? Nikasema, "Sawa, mama," nikapanda na mawe.

Lakini moyoni nilikuwa na hesabu zangu, na hizo nilizimwaga usiku, wageni walipolala. Bati la geji 30 halifiki kilo 3 kwa mita moja ya mraba. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, ule wa dhoruba hasa, unaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 48 kwenye eneo hilohilo. Upepo ukipita juu ya paa kwa kasi, mgandamizo wa hewa huko juu hupungua. Upepo ulioingia chini, kwenye jiko lisilo na kuta, unasukuma kwenda juu. Bati linavutwa na kusukumwa kwa pamoja. Jiwe la kilo 5 litafanya nini hapo? Litapanda na bati, kisha litashuka peke yake, na chini ndipo wanapokaa watoto wakisubiri viazi viive.

Mkuu wa Kaya alisikiliza hadi mwisho. "Basi lifunge," akasema, akageukia ukutani.

Lifunge! Neno moja, na ndilo lenyewe. Paa halihitaji uzito, linahitaji kufungwa hadi ardhini: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye nguzo, nguzo kwenye zege. Kiungo kimoja kikilegea, upepo utakipata. Na kitu cha kufungia ni mkanda wa chuma uliopakwa zinki, unaouzwa kwa roli kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ufundi wa kupaka chuma zinki kwa kukizamisha ulipewa hataza Ufaransa mwaka 1837, mikononi mwa mhandisi Stanislas Sorel. Chuma kinazamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la kama nyuzi 450 za Selsiasi. Zinki ile ni sawa na dada mkubwa wa nyumbani: hata chuma kikichubuka kidogo, kutu inaanza na zinki kwanza.

Hapo ndipo alipoingia Injinia. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake Mkuu wa Kaya, anayepakua mizigo, na hajawahi kurudi mikono mitupu. "Shemeji, usinunue kitu!" Akabwaga fungu la mikanda iliyofungia maboksi ya vigae. Kijana ana moyo wa dhahabu, lakini mikanda ile ya mizigo ni migumu, msumari haupenyi kirahisi, na mingi haina zinki. Tena ni hatari: mkanda ukiukata ukiwa umekazwa, unaruka na kuchana uso. Nikawafukuza mapacha, nikavaa glavu, nikaiweka kando yote. Injinia alinuna hadi chai ya saa kumi, maandazi yakampatanisha na dunia.

Roli jipya lilipofika, ndipo nikajua nimenunulia ukoo. Mkuu wa Kaya alitaka kipande cha kushikia tangi la maji. Doto alitaka cha kufungia miti ya goli. Bibi Magugu aliuliza kama mkanda unaweza kuzungushwa kwenye mlango wa banda la kuku. Nilisema jiko kwanza. Huo ndio uamuzi wangu pekee uliopita mwaka huu, nao ulipita kwa kura ya Kulwa, ambaye alikuwa ametoka kusoma habari za kimbunga kilichoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 na kuangusha mikarafuu kwa wingi. "Bibi," alisema kwa heshima zote, "kama mkarafuu wenye mizizi uling'oka, jiwe lisilo na mzizi je?" Mama akamtazama mjukuu wake muda mrefu. Akaomba maji ya kunywa.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Mkanda unapita juu ya kenchi, unashuka pande zote mbili za nguzo, unakazwa na kupigiliwa ubavuni kwa misumari yenye zinki. Ubavuni, ndugu yangu, sisitiza kwa fundi wako! Msumari uliopigwa kutoka juu ukivutwa kwenda juu hung'oka kidogokidogo. Uliopita kwenye mkanda ukaingia ubavuni mwa nguzo unavutwa kwa upande, na huko ndiko unakostahimili. Injinia alishika nyundo, na anapiga msumari vizuri kuliko mafundi wengi ninaowalipa. Papi nazo tukazifunga kwenye kenchi kwa vipande vifupi.

Mawe yalishuka. Bibi Magugu alisimamia mwenyewe, moja baada ya jingine, akayapanga kuzunguka bustani yake ya mchicha ili kuku wasichakure. Tairi amelikalia.

Upepo ulirudi, mkali kuliko ule wa mbaazi, na bati halikugonga. Mama akatoka, akauvuta mkanda kwa kidole, akazunguka mpaka nguzo ya mwisho. "Hapa sawa," akasema. "Sasa banda la kuku." Nikaenda kuchukua mabaki ya roli. Hayapo, miti ya goli la Doto imefungwa kwayo hata haitikisiki. Mkuu wa Kaya naye anauliza habari za tangi lake. Injinia anapita dukani kesho asubuhi, na hela nimeshampa.