Tajiri wa Ujerumani

Mtoto wa Katindiuka, Ifakara, akipata chuo Ujerumani, hajatua hata Frankfurt, huku nyumbani ameshapangiwa majukumu: bati za mjomba, pikipiki ya kaka, mchango wa harusi ya binamu. Mjomba ana ushahidi wa utajiri huo. Asiye na ufadhili kwa kawaida hapewi viza mpaka zionekane benki yuro 11,904! Anachosahau mjomba ni kwamba hela hizo zimefungwa kufuli. Kila mwezi mwenyewe hufunguliwa yuro 992, na humo humo kuna kodi ya chumba, bima ya afya na tumbo.

Kufunguliwa kwenyewe ni shughuli. Hela inasubiri akaunti, akaunti mara nyingi inasubiri karatasi ya makazi, karatasi inasubiri sahihi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba anasubiri hela. Na kujiandikisha makazi sheria inataka kufanyike ndani ya wiki mbili tangu ahamie. Kwetu mjumbe angemaliza kwa mhuri na soda moja. Kisha inaingia barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na redio usiwe nayo.

Kwa hiyo tajiri wenu mtamkuta dukani, kashika mfuko wa chupa tupu, anapanga foleni kwenye mashine inayorudisha senti 25 kwa kila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja. Na asiende Jumapili, maduka yamefungwa.

Mjomba, kabla hujampigia tena kuhusu bati, hebu zipigie hesabu ya chupa.