Ruiru 11 Waomba Barafu

Kwa Bwana Gary Bettman,
Kamishna, Ligi ya Taifa ya Hoki (NHL),
New York, Marekani.

Mheshimiwa Kamishna,

YAHUSU: OMBI LA TIMU YA 33

Wakazi wa Thika na Ruiru wanakusalimu. Wanaomba radhi mapema iwapo heshima itazidi kipimo, maana huku kwao kamishna ni mtu wa sare ya kaki na kifimbo cha kwapani. Baraza huitishwa saa tatu, yeye hufika saa sita, husoma hotuba iliyoandikwa na mwingine, kisha huondoka wazee wakiwa bado wameinua mikono. Wamesikia kwamba wewe umekalia kiti chako tangu Februari 1993. Kwa muda huo kamishna wa huku angekuwa amehamishwa mara nane na kustaafu mara moja.

Haja yao ni ndogo. Ligi yako ina timu 32, nao wanataka ya 33.

Wasidhaniwe wamelewa. Wamekuja na hesabu, na hesabu yenyewe ni ya serikali. Sensa ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120, mji wa nne kwa ukubwa nchini Kenya, mbele ya Eldoret na Kisumu, jambo ambalo watu wa Kisumu hawapendi kukumbushwa. Thika ilikuwa na 251,407. Jumla ni 741,527. Winnipeg, mji wa timu yako ya Jets, ulihesabiwa mwaka 2021 ukapatikana na watu 749,607. Pengo ni watu elfu nane, na yeyote aliyeona nyumba za kupanga zinavyochipuka Kihunguro na Kimbo anajua pengo hilo lilishazibwa. Tena Raleigh, nyumbani kwa Carolina Hurricanes, haifikii hata Ruiru ikiwa peke yake: sensa ya 2020 iliupa mji huo watu 467,665. Mji huo una timu na umeshabeba Kombe la Stanley, taji la ligi yako, mwaka 2006. Ruiru ina stendi ya matatu.

Utasema huku ni joto. Wakazi walitarajia neno hilo litoke kinywani mwa mtu yeyote, ila si mwako. Las Vegas ilipata timu mwaka 2017, na mwaka 2023 ikatwaa kombe. Tampa, mji wa mitende na mamba, imelitwaa mara tatu. Majirani zao Florida Panthers walilichukua 2024 na kulirudia 2025. Jets wa kwanza wa Winnipeg waling'olewa mwaka 1996 kutoka mji unaoganda karibu nusu ya mwaka, wakapelekwa Phoenix, ambako Julai kipimajoto hupita nyuzi 40 bila kuomba ruhusa. Timu ilitangatanga jangwani miaka 28. Mwishowe ikawa mpangaji katika ukumbi wa chuo kikuu wenye viti kama 5,000, na mwaka 2024 wachezaji wakafungasha virago kuelekea Salt Lake City. Yote hayo yalitokea wewe ukiwa kitini, Bwana Kamishna. Mtu aliyeivumilia Phoenix hana haki ya kuilalamikia Thika.

Thika iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hata Februari jua likichachamaa ni nadra lifikie nyuzi 35. Julai ndiyo usiseme. Asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya mananasi, utamkuta mwendesha bodaboda wa Makongeni amevaa jezi ya Toronto Maple Leafs juu ya sweta, mikono imemfika kwenye kucha. Aliichagua kwenye marundo ya mitumba kwa sababu ni nzito na haipitishi upepo. Ukimuuliza lile jani kifuani ni la nini, atakwambia ni kampuni ya majani chai. Wakazi wanaomba uandike katika kumbukumbu zako kwamba mashabiki tayari wana jezi.

Na hata joto lingekuwa la Garissa, lisingekuwa hoja. Uwanja wa kwanza wa barafu ya mitambo haukutokana na theluji, ulitokana na nyama. John Gamgee alikuwa akitafuta njia ya kugandisha nyama isioze ikisafirishwa kutoka Australia na New Zealand hadi Uingereza, na ujuzi huohuo ukamwezesha kufungua Glaciarium mjini London mwaka 1876. Ile mashine kubwa inayozunguka kulainisha barafu wakati wa mapumziko ilibuniwa mwaka 1949 na Frank Zamboni huko Paramount, California, karibu na Los Angeles. Bwana huyo alikuwa akiuza barafu ya vipande, friji zikaja zikamharibia biashara, akaugeuza ujuzi wake kuwa uwanja wa kuteleza. Chini ya barafu ya ligi yako kuna saruji, na ndani ya saruji kuna mabomba ya maji ya chumvi au kemikali yaliyo baridi kuliko barafu yenyewe. Juu yake ni maji yaliyomwagwa tabaka kwa tabaka hadi yakafika unene wa sentimita tatu hivi. Ugali wa familia ya watu sita ni mnene zaidi.

Basi mchezo wenu ni mtoto wa friji, na kwa friji Ruiru haihitaji kufundishwa. Brookside, kampuni kubwa ya maziwa, iko Ruiru. Ndani ya Tatu City, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa, limejengwa ghala la baridi la Cold Solutions, lenye vyumba vya kuhifadhi vyakula na dawa kwa ubaridi wa kila daraja. Huko kuna samaki na minofu ya kuku vinavyoishi katika hali ya hewa ambayo kijana wa Murera hajawahi kuionja.

Kahawa nayo ina neno lake. Mwaka 1964 beki wa Toronto Maple Leafs aliyeitwa Tim Horton alifungua duka la kahawa na donati mjini Hamilton, Ontario, na duka hilo likaja kuzaa maduka ambayo Mkanada hawezi kupita bila kusimama. Ruiru, kwa upande wake, ina kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mwaka 1985 aina ya mbuni unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mbuni huo unaitwa Ruiru 11. Jina la timu, kwa hiyo, lipo tayari na lilishafanyiwa utafiti: sita barafuni pamoja na kipa, watano benchi.

Kahawa na hoki zilikutana mwaka 2018. Kampuni ya Tim Hortons ilisikia kwamba Kenya kuna timu moja tu ya hoki ya barafuni, Kenya Ice Lions, na kwamba haina wa kucheza naye. Ikawapandisha vijana ndege hadi Toronto na kuwavisha vifaa kamili. Kisha mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguliwa, wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakiwa wamevaa jezi ya Kenya. Filamu fupi ikatengenezwa, dunia ikafuta machozi. Ilikuwa tamu kwelikweli, na hakuna mkazi wa Ruiru mwenye roho mbaya ya kuwanyima vijana siku ile. Ila ndege ilirudi, na uwanja wa barafu haukuja ndani yake.

Wenye kumbukumbu walikwisha kuiona picha hiyo. Mwaka 1998 Philip Boit, mkimbiaji aliyefadhiliwa na Nike ajifunze kuteleza kwenye theluji, alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa 92, yaani wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akawa bado anamsubiri kwenye utepe amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mkenya kwenye baridi, Bwana Kamishna, ni tangazo zuri sana. Anapendeza mara moja kila miaka ishirini.

Ligi yako ina kampeni isemayo kwamba hoki ni ya wote. Wakazi wameichukua kwa maana yake ya kawaida, kosa ambalo watu wa mbali hulifanya mara nyingi. Crosby na MacKinnon wote wametoka Cole Harbour, Nova Scotia. Katika jimbo hilohilo watu weusi waliunda ligi yao ya hoki mwaka 1895, miaka 22 kabla ya NHL kuzaliwa. Kwa hiyo hao mnaowaita wote walikuwapo kabla yenu. Wala gongo si geni huku: katika Kombe la Dunia la kwanza la hoki ya nyasi, Barcelona mwaka 1971, Kenya ilimaliza ya nne.

Kwa sasa barafu ya Kenya iko ndani ya Panari, hoteli iliyo Barabara ya Mombasa, tangu mwaka 2005. Uwanja huo unaitwa Solar. Barafu ya jua! Ni mdogo kuliko uwanja wa kimataifa, ambao urefu wake ni mita 60, na ndio waliojifunzia Ice Lions, wengi wao wakiwa wametoka kwenye viatu vya magurudumu na lami. Korona ilipoingia mwaka 2020 ukafungwa kwa muda, na mchezo mzima wa taifa ukawa umefungiwa mlango mmoja.

Mfuate kijana wa Ruiru anayetaka kufika huko. Ana begi kubwa kama la mtu anayehama kwa shangazi, na gongo linalomzidi kimo cha bega. Makanga anamtazama kuanzia viatuni. "Hiyo ni ya kuchunga ng'ombe gani?" Begi linalipiwa kiti. Gongo linapita katikati ya abiria, ncha ikimgusa sikio mama mwenye mayai, na hadi Githurai gari zima limetoa maoni. Akishuka mjini anatembea hadi stendi nyingine, anapanda tena, anaingia kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa. Mvua ikinyesha, atafika wenzake wakifungua kamba za viatu.

Ujue pia kwamba Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, lenye makao yake Zurich. Oman ilitangulia kwa miaka kumi. Muscat, ambako wajomba waliotoka Unguja hukaa ndani Juni nzima wakikimbia jua, barafu iliwahi kufika kuliko huku kwenye ukungu. Wakazi hawana wivu. Wanauliza tu ni jua gani linalopendwa na barafu.

Sasa suala la ada. Seattle walilipa dola milioni 650 ili waingie katika ligi yako. Kwa bei ya dola ya siku hizi hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 80. Barabara kuu ya Thika, ile ya njia nane iliyozinduliwa na Rais Kibaki mwaka 2012, iligharimu shilingi bilioni thelathini na kitu. Kwa hiyo kiti kimoja mezani pako ni superhighway mbili na chenji ya kujengea daraja. Wakazi walilisoma hilo mara mbili, wakanyamaza, wakaagiza chai.

Sokoni Jamhuri, Thika, bei ya kwanza si bei. Wakazi wamepunguza ombi lao. Hawataki tena timu ya 33. Huko Canada na Marekani, saa tano za usiku, wachezaji wa kulipwa wakiwa wamelala, viwanja hukodishwa kwa saa kwa mafundi bomba, walimu na madaktari wenye vitambi, wanaochanga pesa zao, wanagongana, wanatukanana kidogo, kisha wanaenda kunywa bia. Hakuna anayewalipa na hakuna anayewapiga filamu. Hiyo ndiyo ligi wanayoitaka Ruiru, nayo haihitaji kamishna.

Inahitaji sakafu ya saruji yenye mabomba ndani, paa, mtambo wa baridi na mtu anayejua kuutengeneza. Inahitaji viatu vya barafu vya saizi za watoto, hata vya mitumba, na vifaa vya kipa, maana kipa ndiye ghali kuliko wote na kila mtaa una mtoto mkaidi anayeitaka kazi hiyo. Stima itapotea, hilo linajulikana, na jenereta imo katika hesabu. Ikishindikana kabisa na barafu ikayeyuka, wakazi wa Ruiru watateka maji, na watakuwa wamepata zaidi ya walichopata kwenye mfereji wiki nzima.

Jibu litumwe kwa njia yoyote, ila lisije na kamera.

Ni wao,
Wakazi wa Thika na Ruiru

Nakala kwa: Idara ya Michezo, Kaunti ya Kiambu. Waheshimiwa, kwenu haliombwi hema, wala utepe, wala jiwe la msingi. Inaombwa ploti, mita 70 kwa 40, karibu na laini ya stima.