Usipakue Ubongo Mzima

Kabla ya yote, ondoa kidole kwenye kitufe cha kupakua. H01, kipande cha ubongo wa binadamu kilichochunguzwa na watafiti wa Harvard na Google, kina ukubwa wa takriban milimita moja ya ujazo, lakini picha zake zimefika petabaiti 1.4. Kwa intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde, isiyokatika usiku wala mchana, ungeipakua kwa zaidi ya miaka 3. Na mwisho wake ungehitaji diski 1,400 za terabaiti moja moja, pamoja na chumba cha kuziweka.

Badala yake, fungua kivinjari. Neuroglancer, programu huria iliyotoka Google, hufuata kanuni ileile ya ramani za simu: picha imehifadhiwa kwa ngazi nyingi za undani, na kila ngazi imekatwa vijipande vidogo. Ukiitazama kwa mbali, unaletewa ngazi hafifu. Ukisogea karibu, vinakuja vijipande vilivyo mbele ya macho yako tu. Gharama yake ni ndogo ajabu. Ukipunguza picha ya pande tatu kwa nusu kila upande, inabaki moja ya nane, hivyo ngazi zote hafifu kwa pamoja huongeza takriban moja ya saba tu ya hifadhi. Anayetunza picha kubwa bila ngazi hizi anawafungia wenzake mlango.

Sasa rangi. Utaona seli za kijani, zambarau na chungwa zikikumbatiana, na utatamani kumwita jirani aje aone. Mwite. Ila mwambie kwamba rangi hizo hazina maana yoyote. Kompyuta imezigawa ili utofautishe seli moja na nyingine. Akili mnemba ndiyo iliyochora mipaka, nayo hukosea kwa namna mbili: huunganisha seli mbili pale utando ulipofifia, au huikata aksoni, uzi mrefu wa nyuroni, pale ilipokuwa nyembamba mno. Kwa hiyo fuata kila tawi hadi mwisho wake. Nyuroni yenye viini viwili itilie shaka. Tawi likikoma ghafla, rudi kwenye picha ya kijivu, iangalie kutoka pande zote tatu, kisha uamue.

Kazi hii ya macho haina njia ya mkato, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Ramani ya ubongo wa nzi ya mradi wa FlyWire, iliyochapishwa mwaka 2024 ikiwa na nyuroni 139,255, ilihitaji usahihishaji uliokadiriwa kuwa sawa na miaka 33 ya kazi ya mtu mmoja. Baadhi ya wasahihishaji hawakuwa wanasayansi kwa taaluma. Walikuwa watu wa kawaida waliojitolea. Tishu ya H01 nayo ilitoka kwa mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kifafa. Anastahili kutazamwa kwa makini kiasi hicho.

Ukifika kwenye hesabu, acha picha kabisa. Swali la nyuroni ipi inawasiliana na ipi hujibiwa na jedwali la sinapsi, yaani viungo vya mawasiliano kati ya nyuroni, ambalo ni dogo mno likilinganishwa na picha. Na unapoandika matokeo, taja namba ya toleo la data. Kwa FlyWire, kwa mfano, toleo la 783. Usahihishaji unaendelea, na nyuroni uliyoihesabu leo inaweza kesho kuongezewa tawi, au kugundulika kuwa ni mbili.